Bangkok Ilipokuwa Mji wa Maji

Mwanzoni mwa 1833 manowari ya Kimarekani iliyoitwa Peacock ilitia nanga nje ya mlango wa Mto Chao Phraya. Ndani yake alikuwamo Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire ambaye miaka mitano nyuma alikuwa Unguja akihangaika na shehena yake, na akapata nafasi ya kumweleza Sayyid Said, mtawala wa Unguja na Muscat, malalamiko yake kuhusu biashara ya bandarini pale. Safari hii alikuja kama mjumbe wa Rais Andrew Jackson. Tarehe 20 Machi alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Siam, nchi ambayo leo ni Thailand. Tarehe 21 Septemba ya mwaka huohuo alikuwa Muscat, akitia saini mkataba wa pili na Sayyid Said.

Masharti yalipishana. Kwa Sayyid Said, Mmarekani alitakiwa kulipa asilimia 5 ya mali iliyoshushwa. Bangkok walikuwa na hesabu yao: meli ilipimwa upana, ubavu hadi ubavu, na mwenye bidhaa akatoa tikali 1,700 za fedha kwa kila pima. Aliyekuja na fedha taslimu tu, bila bidhaa, alitozwa 1,500. Kwa maneno mengine, tajiri mwenye chombo chembamba kilichosheheni hadi juu alikuwa amebahatika.

Roberts aliondoka tena mwaka 1835 kupeleka hati zilizoidhinishwa, akifuatana na daktari wa jeshi la majini, W. S. W. Ruschenberger. Walipita Unguja na Muscat mwaka huo, na mwaka 1836 wakawa Bangkok. Roberts hakuiona tena nchi yake, kwani alifariki Macau Juni 1836. Daktari alirudi salama, akachapisha kitabu mwaka 1838. Humo mna Unguja na mna Bangkok, miji miwili iliyotazamwa na mtu mmoja katika safari moja. Kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuielewa Bangkok ya zamani, sidhani kuna mlango mzuri zaidi ya huo.

Unguja wageni walikuta mji wa mawe na vichochoro. Bangkok hapakuwa na vichochoro, kwa sababu karibu kila mahali ambapo mji mwingine ungeweka njia, wao waliweka maji.

Maji yenyewe hayakuwa yote ya Mungu. Mto unaopita leo mbele ya Kasri Kuu la kifalme ulichimbwa na watu. Katika karne ya 16 Chao Phraya ulikuwa na kombo refu mahali hapo, na vyombo vilivyokuwa vikipanda kwenda Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, vilipoteza muda mwingi kuuzunguka. Mfalme Chairacha akaamuru kombo likatwe kwa mfereji wa mkato. Mkondo ukapenda njia fupi, ukaupanua mfereji mwaka baada ya mwaka mpaka ukawa mto kamili, na mto wa asili ukasinyaa ukabaki mifereji miwili inayojulikana sasa kama Bangkok Noi na Bangkok Yai. Maelfu ya watalii wanaopiga picha za machweo pale hawajui kwamba wanapiga picha kazi ya majembe.

Ayutthaya ilianguka mikononi mwa jeshi la Burma mwaka 1767. Jemadari Taksin alikusanya waliosalia, akafanya Thonburi, ukingo wa magharibi, kuwa makao yake. Mwaka 1782 mrithi wake, Rama I, alivuka kwenda ukingo wa mashariki. Wachina waliokuwa wakiishi hapo walihamishiwa Sampeng, kusini kidogo, na mtaa wao wa biashara upo hadi leo. Kisha mfalme akaanza kuchimba. Ayutthaya ilikuwa kisiwa kilichozungushiwa maji, na watu waliotoka huko hawakuweza kuwaza mji mkuu wa namna nyingine. Wafungwa wa vita na vibarua walichimba handaki la maji kuuzunguka mji mpya, na matawi yake yakaingia kila upande.

Mfereji mrefu kuliko yote ulikuja baadaye. Mwaka 1837, wakati Siam ikigombania Kambodia na Vietnam, Rama III aliamuru uchimbwe mfereji wa Saen Saep, zaidi ya kilomita 50 kuelekea Mto Bang Pakong upande wa mashariki, ili askari na chakula vipite. Wachina wa kuajiriwa waliumaliza mwaka 1840. Vita vikaisha, mfereji ukabaki. Kando yake walipewa makazi Wamalai Waislamu waliotekwa kusini, na wazao wao wangali Min Buri na Nong Chok, pembezoni mwa jiji, pamoja na misikiti yao.

Katika mto wenyewe, kila mgeni aliyeshika kalamu aliandika kuhusu nyumba zinazoelea. Zilipangwa kwa safu katika kingo zote mbili, kila moja imekaa juu ya chelezo cha mianzi iliyofungwa mafungu mafungu, imefungwa kwenye nguzo ili ipande na kushuka pamoja na kujaa na kupwa kwa maji. Upande wa mbele ulikuwa wazi, na huo ndio uliokuwa duka. Mteja hakuteremka. Alisogeza mtumbwi, akashika ukingo wa sakafu kwa mkono mmoja, akachagua kitambaa, sufuria au chumvi, akalipa, akaendelea na njia yake. Wenye maduka wengi walikuwa Wachina. Mianzi ya chini ilioza baada ya miaka michache na ilibidi kubadilishwa fungu moja moja, bila kuhamisha watu. Na familia iliyochoka na majirani haikutafuta dalali wa nyumba: ilisubiri maji, ikafungua kamba, ikahama na paa lake.

Si kwamba maisha hayo yalikuwa ya raha tupu. Maji yaliyobeba duka ndiyo yaliyonywewa, ndiyo yaliyoogewa, na ndiyo yaliyopokea uchafu wote. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1820, na tena 1849, kilifagia watu kwa wingi wa kutisha. Wanaoililia Bangkok ya mifereji kana kwamba ilikuwa bustani husahau miaka hiyo.

Jahazi za China zilizoleta bidhaa zilileta pia vyombo vya kauri, na vilivyovunjika havikutupwa. Mafundi wa Rama III walivipachika kwenye mnara wa hekalu la Wat Arun, maua ya sahani na mabakuli yaliyogeuzwa kuwa petali, kuanzia chini hadi juu. Mtu aliyeyaona makaburi ya nguzo ya Kunduchi au Mambrui, yaliyopachikwa mabakuli ya China, atasimama mbele ya mnara huo na kuhisi anaujua. Wazo lilizuka kila mahali kivyake, lakini sahani zilitoka kwa mafundi wa nchi ileile.

Barabara ililetwa na malalamiko. Mwaka 1855 Sir John Bowring, gavana wa Hong Kong, alifunga na Mfalme Mongkut mkataba uliofuta kodi ya upana wa meli, ukaweka ushuru wa asilimia 3 kwa bidhaa zinazoingia na kuvunja ukiritimba wa mfalme. Mchele ulianza kutoka kwa wingi usiowahi kuonekana, na Wazungu wakaingia: makonsuli, mawakala wa meli, wenye viwanda vya kukoboa. Mwaka 1861 makonsuli walimpelekea mfalme ombi. Walizoea kutoka jioni kupanda farasi na magari ya farasi, walisema. Tangu waje Bangkok hawana pa kupitia, na ndiyo maana wanaugua mara kwa mara. Mfalme, ambaye alikuwa mwerevu wa kusoma nyakati, hakucheka. Aliamuru ijengwe barabara ya Charoen Krung, sambamba na mto, na mwaka 1864 ikawa tayari. Mji ulikuwa na umri wa miaka 82, na sasa ulikuwa na barabara yake ya kwanza ya kisasa.

Hata hivyo Wathai hawakuwa na haraka ya kuacha kasia. Kwa muda mrefu barabara na mfereji vilizaliwa pamoja: ulichimba mfereji, udongo uliotoka ukaurundika pembeni, ukausawazisha, ukapata barabara. Njia ya udongo ambayo leo ni barabara ya Rama IV ilianza hivyo mwaka 1857, na Sathorn hivyohivyo mwishoni mwa karne. Katika mtaa wa Sathorn wa leo, kati ya majengo ya benki, mfereji bado upo katikati ya barabara, mwembamba, unapitwa na magari kushoto na kulia bila mtu kuutupia jicho.

Januari 1888 aliingia Bangkok baharia wa Kipolandi mwenye miaka 30, peke yake, kwa meli ya mvuke kutoka Singapore. Alikuwa ametumwa kushika uongozi wa merikebu ndogo, Otago, ambayo nahodha wake alikuwa amefia baharini. Joseph Conrad alikuwa hajachapisha kitabu hata kimoja. Alikuta mabaharia wagonjwa wa homa, hesabu za meli zimevurugika, na joto la kuua. Alikaa kama wiki mbili tu, muda mwingi akiwa kati ya meli, daktari na ofisi ya mawakala. Februari akatweka tanga. Ila wiki hizo mbili alizitumia maisha yake yote ya uandishi, na riwaya yake The Shadow-Line, iliyotoka 1917, imejengwa juu ya safari hiyo.

Laiti angechelewa miezi minane, angepanda tramu. Tarehe 22 Septemba 1888 ilifunguliwa njia ya tramu ya kukokotwa na farasi katika Charoen Krung, kwa kibali walichopewa Mwingereza Alfred John Loftus na Mdenmark Andreas du Plessis de Richelieu. Farasi walichoshwa na joto, kampuni ikabadili mikono, na mapema katika miaka ya 1890 tramu ikawa ya umeme, kabla ya miji mingi ya Ulaya kuwa nayo. Jambo hili hupuuzwa mno. Picha ya Bangkok vichwani mwa watu ni ya mji uliolala ukaamshwa na watalii, kumbe ulikuwa na tramu ya umeme wakati London bado inaendesha za farasi.

Mgeni mwingine mashuhuri alikaribia kufia pale. Mwandishi W. Somerset Maugham alifika mwaka 1923 baada ya safari ndefu ya nchi kavu kutoka Burma, akiwa na malaria. Alipanga katika hoteli ya Oriental, kando ya mto, joto la mwili likapanda. Akiwa kitandani alimsikia mwenye hoteli akimwambia daktari kwamba hawezi kuruhusu mteja afie pale, maana biashara ingeharibika. Maugham alipona, akaandika kisa hicho kwa ucheshi, na hoteli ileile baadaye ikakipa chumba jina lake.

Basi mji uligeuka lini kuupa mto kisogo? Hakuna siku moja ya kuitaja, ila miongo ya katikati ya karne ya 20 ndiyo iliyoamua. Mwaka 1942 mafuriko yalikaa mitaani kwa wiki nyingi, na wakazi wakatoa tena mitumbwi wakapiga makasia kwenye barabara kuu kama babu zao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari yakaingia kwa maelfu. Mfereji wa Hua Lamphong ulifukiwa mwaka 1947 ili barabara ya Rama IV ipanuliwe. Wa Silom ukafukiwa. Mingine mingi ikafuata, mmoja kwa sababu ya mbu, mwingine kwa sababu ya harufu, na wote kwa sababu ya gari. Mwaka 1960 washauri wa Kimarekani walitayarisha mpango mkuu wa jiji uliotegemea barabara. Tarehe 30 Septemba 1968 tramu ya mwisho nayo ikaenda kulala.

Hapo ndipo lilipozaliwa fumbo linalomsumbua kila mgeni anayetembea Bangkok bila mwenyeji. Anaona kwenye ramani kwamba hoteli yake na mkahawa anaoutaka vimepakana, halafu anajikuta akitembea kilomita mbili. Barabara kuu ni chache na ziko mbalimbali. Kutoka kila moja huchomoza vijitaa virefu vyembamba, vinaitwa soi, vinavyoingia ndani kisha vinaishia ukutani. Mzizi wake ni mashamba. Bustani za matunda na mashamba ya mpunga yalipimwa kama vipande virefu, kichwa kwenye mfereji na mkia porini, ili kila mkulima apate maji. Mwenye kipande alipouza, mnunuzi alitengeneza njia ndani ya mipaka yake tu, akajenga nyumba kushoto na kulia. Jirani naye vilevile. Hakuna aliyelazimishwa kuunganisha njia yake na ya mwenzake, kwa sababu zamani kilichowaunganisha kilikuwa mfereji, na mfereji ulikuwa umeshafukiwa.

Katika soi hizo ndefu basi haliingii. Mapema katika miaka ya 1980, katika Soi Ngam Duphli, vijana wenye pikipiki walianza kujipanga mwanzoni mwa mtaa kuwabeba watu hadi milangoni, na mtindo ukaenea jiji zima. Leo wanavaa fulana za rangi ya chungwa zenye namba mgongoni, kila kikundi na kijiwe chake na bei zake kwenye ubao. Mtu wa Dar es Salaam au Kampala hahitaji kufundishwa kuwatumia.

Ardhi nayo ilidai chake. Bangkok imekaa juu ya udongo laini, wastani wa mita moja na nusu tu kutoka usawa wa bahari, na viwanda na nyumba zilivuta maji ya visima kwa pupa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sehemu za mashariki zilikuwa zinadidimia kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Mji unaozama, uliofukia mitaro yake, utapeleka wapi mvua? Mwaka 1983 mafuriko yalikaa miezi. Mwaka 2011 maji yalishuka kutoka kaskazini yakaufunika uwanja wa ndege wa Don Mueang, ndege zikaonekana zimesimama ndani ya ziwa. Uwanja mkubwa zaidi, Suvarnabhumi, ambako wageni wengi hushukia tangu Septemba 2006, umejengwa juu ya kinamasi kilichokuwa kikijulikana kwa swila.

Foleni za miaka ya 1990 zilikuwa habari ya dunia. Polisi wa barabarani walifunzwa kuzalisha, kwa kuwa akina mama walikuwa wakijifungua ndani ya teksi. Mradi wa reli ya juu ulioanza mwaka 1990, ulioitwa Hopewell, ulivunjwa mwaka 1998 ukaacha safu ya nguzo za zege zimesimama bila kubeba kitu. Treni ya juu ya kweli, ile inayotumika leo, ilianza tarehe 5 Desemba 1999 ikiwa na kilomita zisizofika 24.

Lakini miaka tisa kabla ya treni hiyo, mtu mmoja mwenye akili ya biashara alikuwa ameutazama ule mfereji wa vita wa mwaka 1837. Mwaka 1990 boti za abiria zilianza kukata katikati ya jiji kupitia Saen Saep, na zingali zinakata hadi leo.

Hakuna mtalii anayezisahau. Boti ni ndefu, bapa, na mabenchi ya mbao ya kukaa watu watano watano. Haina mlango: boti inagusa gati, abiria wanaruka kutoka na kuingia kwa wakati mmoja, na sekunde chache baadaye imeondoka. Nauli ni baht chache, fedha ya Thailand. Utingo hatembei ndani. Anatembea nje, kwenye ukingo usiozidi upana wa nyayo, ameshika kamba ya paa kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapokea sarafu na kuchana tiketi. Amevaa helmeti, na ukipita chini ya daraja la kwanza unaelewa kwa nini. Madaraja ya zamani yako chini sana. Maji yakijaa, nahodha hushusha paa zima likakaribia vichwa vya watu, utingo anainama, boti inapenya. Pembeni mna turubai la plastiki lenye kamba. Boti mbili zikipishana, anayekaa ukingoni ndiye mwenye wajibu wa kuvuta kamba turubai lipande, maana maji ya Saen Saep ni meusi na hayafai kurukia mdomoni. Mgeni asiyevuta hutazamwa vibaya na benchi zima.

Njiani boti hupita Ban Khrua. Waliokipata kiwanja hiki walikuwa Wacham, Waislamu wenye asili ya Champa na Kambodia, waliopigana upande wa Rama I wakapewa ardhi kama shukrani. Wanawake wao walifuma hariri. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Mmarekani Jim Thompson, aliyekuwa ofisa wa ujasusi, aliwakuta wachache waliokuwa bado na mitande, akauza kazi yao New York, na hariri ya Thailand ikawa na jina duniani. Nyumba yake ya mbao, aliyohamia mwaka 1959, iko ng'ambo ya mfereji, uso kwa uso na kijiji, na alikuwa akivuka kwenda kukagua vitambaa. Mwaka 1967 alitoka kutembea katika milima ya Cameron, Malaysia, hakuonekana tena.

Watalii humiminika kwenye nyumba hiyo. Wachache wanavuka daraja kuingia Ban Khrua, na mimi nasema kijiji kina hadithi kubwa kuliko nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mamlaka ya barabara za kulipia ilitaka kupitisha kipande cha barabara ya juu katikati yake. Mamia ya nyumba, msikiti na makaburi ya karne mbili vilikuwa hatarini. Wakazi walikataa. Walilinda zamu usiku kuogopa moto, waliandamana, walidai serikali iwasikilize hadharani, na kesi yao ikawa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa nchini humo kupelekwa kwenye usikilizaji wa maoni ya umma. Iliwachukua zaidi ya miaka 10. Barabara haikujengwa.

Kituo kikubwa kinachofuata ni Pratunam, palipojengwa malango ya kuzuia maji wakati wa Rama V. Sasa ni soko la nguo la jumla, na ndiyo sehemu ya Bangkok inayofahamika zaidi kwa Waafrika wafanyabiashara. Kabla Guangzhou ya China haijachukua nafasi ya kwanza, na hata baada yake, wengi wa Afrika Mashariki na Magharibi wamekuja hapa, wengi wao mmoja mmoja, kujaza mabegi ya fulana na magauni. Wengine huenda Silom, kwa wakata vito, ambako mawe ya Tanzania hufika yakiwa ghafi na kuondoka yakiwa yanameta. Sukhumvit Soi 3 na vijitaa vyake ni vya Kiarabu, na hapo familia za Ghuba, Waomani wakiwemo, hupanga karibu na hospitali wanazokuja kutibiwa. Mswahili mwenye njaa atapata wali na nyama halali bila kuuliza mara mbili.

Tahadhari moja ya chakula. Tambi za boti, ambazo hapo zamani mchuuzi alizipika ndani ya mtumbwi na kuzipitisha kwa mteja katika kibakuli kidogo kisichomwagika mkononi, siku hizi huuzwa nchi kavu, karibu na Mnara wa Ushindi, na watu hurundika vibakuli vitupu mezani kama kombe la ushindi. Mchuzi wake kwa desturi hutiwa damu. Mwislamu na aulize kwanza.

Wanaotaka kuona soko la mitumbwini hupelekwa Damnoen Saduak, kama kilomita 100 nje ya jiji. Mfereji wake ni wa kweli, ulichimbwa kati ya 1866 na 1868, lakini soko limeendeshwa kwa ajili ya kamera tangu miaka ya 1970. Kabla yake watalii walipelekwa Wat Sai, upande wa Thonburi. Boti za injini za watalii zilizidi, mawimbi yakawachosha wauza mboga, wakapanda nchi kavu, soko likafa. Mgeni asiye na kundi ana bahati katika hili, maana hana basi la kumsubiri na si lazima aende.

Thonburi yenyewe ndiyo inayostahili siku nzima. Ng'ambo hiyo serikali haikujenga barabara kwa bidii, na mifereji mingi ilinusurika. Kando ya Bangkok Yai uko Msikiti wa Tonson, wenye mizizi ya enzi za Ayutthaya, na upande wa pili wa mfereji uko Msikiti wa Bang Luang, mweupe, uliojengwa kwa umbo la hekalu la Kithai, paa la ngazi na mapambo ya maua, bila mnara wa kuadhinia. Mtu anaweza kuupita mara mbili akidhani ni wa Wabudha. Kibla ndicho kinachomweleza.

Ndani ya jiji la kale, serikali imeanza kufukua makosa yake kidogo kidogo. Mfereji wa Ong Ang, sehemu ya handaki la Rama I, ulikuwa umefunikwa na mabanda ya soko kwa miaka mingi kiasi kwamba vijana wa mtaani hawakujua kuna maji chini. Mabanda yalibomolewa mwaka 2015, maji yakasafishwa, na mwaka 2020 kingo zikafunguliwa kama njia ya waenda kwa miguu.

Anayekwenda Bangkok bila mwenyeji na apange chumba karibu na gati badala ya karibu na duka kubwa. Boti za Saen Saep huanza alfajiri, hupungua baada ya magharibi, na Jumamosi na Jumapili huacha kazi mapema. Awe na sarafu mkononi, akae katikati ya benchi, na akipewa kamba ya turubai, aivute.